Riveti za breki, klachi na madigadi: majibu kwa wenye pikipiki za kale

Tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu vifaa na kazi ya kupiga riveti kwenye pikipiki za zamani. Barua nyingi zimetoka Mombasa, na pikipiki zinazotajwa zaidi ni zile za jeshi la Waingereza wakati wa vita vya pili: BSA M20, Norton 16H na Matchless G3/L. Chache ni za Harley-Davidson. Barua zinazofanana tumezijibu kwa pamoja. Vipimo ni vya milimita, isipokuwa pale ambapo riveti zenyewe huuzwa kwa inchi.

Assalamu alaikum. Ninafunga lainingi mpya (ule utando mgumu unaosugua dramu ya breki) kwenye viatu vya breki vya pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya 1940. Lainingi ina unene wa inchi 3/16 na haikuja na matundu. Riveti ni za shaba, shina mm 4, kichwa bapa cha mm 8, na mkia una tundu. Kiatu kina unene wa mm 4 pale riveti zinapopita. Kila nikifika riveti ya tatu au ya nne, lainingi inapasuka kando ya tundu. Nyundo ninayotumia ni ndogo tu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Majengo*

Alaikumu salaam. Nyundo usiilaumu. Lainingi inayopasuka kando ya tundu, mara nyingi imeharibiwa kwenye drili kabla nyundo haijaguswa. Riveti yako ni tambarare chini ya kichwa. Ukichimba nafasi ya kichwa kwa biti ya kawaida, chini ya tundu kunabaki mteremko, na kichwa kinashika ukingo wa mteremko badala ya kulala. Ukigonga, nguvu yote inakwenda kwenye ukingo huo mwembamba na kuusukuma nje. Riveti mbili za mwanzo huvumilia kwa sababu lainingi bado haijabanwa. Ya tatu haivumilii.

Unahitaji biti ya kuzamisha yenye uso bapa na kipini katikati cha kuiongoza. Kipini kiwe mm 4, meno yawe mm 8.5. Ukiikosa dukani, chukua biti ya kawaida ya mm 8.5, isage ncha kwa grainda mpaka iwe bapa, makali yote mawili yawe kimo kimoja, kisha uitumie kwenye drili ya kusimama tu, lainingi ikiwa imefungwa juu ya ubao. Ukiishika biti hiyo kwenye drili ya mkono itatangatanga na kulifanya tundu kuwa yai.

Kina ndicho kinachoamua maisha ya breki. Inchi 3/16 ni mm 4.8. Chimba mm 3, ibaki mm 1.8 chini ya kichwa. Kichwa chenye unene wa mm 1 kitakaa mm 2 chini ya uso wa lainingi, na hizo mm 2 ndizo utakazozitumia mpaka siku ya kufunga lainingi nyingine. Wapo wanaochimba mpaka ibaki mm 1, wakidhani wamejiongezea muda wa kutumia. Hawajajiongezea kitu, kwa sababu sakafu hiyo nyembamba huvunjika chini ya kichwa, lainingi ikateleza juu ya kiatu na riveti zote zikiwa bado zimekaa mahali pake.

Sasa urefu. Riveti inapita kwenye lainingi mm 1.8 na kiatu mm 4, jumla mm 5.8. Kwa riveti yenye tundu mkiani ongeza takriban 0.6 ya unene wa shina, yaani mm 2.4. Unapata mm 8.2, hivyo riveti ya mm 8 inakufaa. Barua yako haikutaja urefu, lakini kama ulinunua za mm 10, hapo kuna kosa la pili: mkia uliozidi hauna pa kwenda ila kujipinda ndani ya tundu na kusukuma kuta. Usimtume mtoto dukani kwa kumwambia "za mm 4" peke yake.

Kabla ya kutoboa chochote, ilaze lainingi kavu juu ya kiatu na uitazame kwa mwanga wa nyuma. Lainingi iliyosindikwa ngumu haipindiki. Mpindo wake usipolingana na wa kiatu, riveti itajaribu kuinyoosha nayo itakatika, leo au baada ya mwezi. Ya kufumwa huufuata mpindo wa kiatu kwa urahisi zaidi. Kisafishe kiatu mpaka kwenye chuma kitupu. Kutu au rangi ya zamani chini ya lainingi ni mto, na juu ya mto hakuna riveti inayobaki imebana.

Funga lainingi kwa klempu mbili, moja kila upande wa matundu ya katikati. Toboa kwa biti ya mm 4.1 ukipitia upande wa kiatu, ukiyafuata matundu ya kiwandani. Tundu la kiatu lililochakaa na kufika mm 4.4 au zaidi lisitiwe riveti ya mm 4. Shina halitalijaza hata ukigonga mpaka alfajiri. Panua upate riveti ya ukubwa unaofuata, na lainingi uitoboe kwa ukubwa huo huo.

Chini ya kichwa weka pini ya chuma, uso bapa, unene mm 7.5, imebanwa kwenye vaisi na kuchomoza mm 15 hivi. Pini iingie ndani ya nafasi ya kichwa bila kugusa kuta, na uzito wote wa kiatu ubebwe na pini hiyo. Hapa ndipo wengi huteleza: wanalaza lainingi juu ya vaisi au fuawe, kichwa kinabaki hewani mm 2, na kila pigo linakivuta kichwa ndani ya lainingi. Ukiona riveti imekaa vizuri upande wa mkia lakini kichwani inacheza, ujue pini haikugusa.

Juu ya mkia panahitajika panchi ya kukunja mdomo: katikati ina chuchu fupi inayoingia kwenye tundu la mkia, na pembeni ina mfereji wa duara unaogeuza ukingo nje na chini. Fungua mdomo kwanza kwa panchi ya ncha butu yenye pembe ya nyuzi 60 hivi, pigo moja dogo, kisha weka panchi ya kukunja. Nyundo ya gramu 250 yatosha, pigo tatu au nne. Chombo cha kubana kwa skrubu, chenye umbo la kile cha kukatia mnyororo lakini pini zake zinabadilishwa, ni bora kuliko nyundo kwa lainingi ngumu, maana kinakandamiza bila kishindo. Kwa mtu mwenye viatu vinne vya kufunga na hana mpango wa kuendelea, nyundo inatosha.

Anza na riveti za katikati, halafu ya kulia, ya kushoto, ukienda nje na kuzisogeza klempu pamoja nawe. Ukianza na za ncha mbili, lainingi inafunga hewa katikati na hakuna pigo litakaloitoa.

Ukimaliza, chukua bati la kupimia nafasi la mm 0.1 na ujaribu kuliingiza kati ya lainingi na kiatu kuzunguka ukingo wote. Lisiingie popote. Gonga kiatu kwa kijinyundo: kilichobana hutoa mlio mkavu, kilicholegea hutoa mlio wa kufa. Mdomo uliopasuka kidogo ukingoni si kitu. Mpasuko ulioshuka mpaka usawa wa kiatu, toa riveti hiyo, weka nyingine.

Halafu viatu vikafungwe kwenye pleti yake ya breki, kipande cha bati cha kama mm 1 kiwekwe chini ya kamu (kile kipande kinachozunguka na kuvisukuma viatu nje) ili viatu vifunguke kidogo, na vyote vikerezwe pamoja mpaka kipenyo kiwe pungufu ya dramu kwa mm 0.2 hivi. Mwambie mkereza achukue kidogo kidogo kwa kisu kikali. Mwisho, piga tupa ncha ya mbele ya kila lainingi upate mteremko wa mm 8 kwa urefu. Bila mteremko huo breki hushika kwa kurukaruka na kupiga kelele.

Mimi si fundi. Mume wangu anakwangua breki za zamani kibarazani na kupuliza vumbi kwa kompresa, na watoto wanacheza hapo hapo. Nimesikia vumbi hilo ni baya. Ni kweli?
*Mama wa watoto watatu, Kisauni*

Ni kweli, mama, na kompresa izimwe leo hii, si kesho. Lainingi za pikipiki za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake ni ndogo kiasi cha kutoonekana, hubaki kwenye mapafu, na saratani inayotokana nazo huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Kitambaa cha kufunga pua hakizuii kitu.

Kazi yenyewe si lazima iachwe. Viatu vimwagiwe maji yenye sabuni kabla ya kuguswa na vibaki vimelowa muda wote. Vichwa vya riveti vitobolewe taratibu kwa drili ya mwendo mdogo, maji yakidondoka, na lainingi itoke ikiwa kipande kizima. Isisagwe, isipigwe msasa, isichomwe. Dramu ipanguswe kwa kitambaa kibichi. Kitambaa, vipande na matope yake vifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, na visichanganywe na taka za nyumbani. Barakoa iwe ile ya chujio la daraja la FFP3. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Na watoto, bila shaka, wawe mbali.

Jambo moja watu hawalijui: lainingi "mpya" iliyokaa kwenye boksi lake la zamani ni asbesto vilevile. Uingereza ilipiga marufuku aina ya mwisho ya asbesto mwaka 1999, kwa hiyo boksi zuri la Kiingereza lenye maandishi yaliyofifia si la kufurahia.

Je, naweza kutumia pop riveti, zile za bomba zinazovutwa kwa mashine ya mkono, kwenye breki? Ninayo mashine yake tayari.
*Msomaji, Likoni*

Hapana. Msumari wa ndani unaobaki baada ya kukatika hulegea kwa joto na mtikisiko, ukidondoka unazunguka ndani ya dramu. Shina lake ni bomba jepesi na halijazi tundu, kwa hiyo lainingi inacheza kila unaposhika breki mpaka tundu linakuwa refu. Hata kwenye madigadi zitaonekana kwa kila anayejua pikipiki. Mashine yako itunze kwa mabati ya nyumba.

Fundi mmoja ananiambia alumini, mwingine shaba nyekundu, na dukani nimepewa za chuma zilizopakwa rangi ya shaba. Nifuate nani? Nakaa karibu na bahari, Nyali, na kila kitu kinashika kutu.
*Msomaji, Nyali*

Za dukani jaribu kwa sumaku. Zikinasa, zirudishe. Lainingi ikiisha bila wewe kujua, kichwa cha chuma kitachimba mfereji kwenye dramu ambayo huenda usipate nyingine. Kichwa cha shaba au alumini kitakwaruza tu, na kitakuonya kwa sauti kabla hakijaharibu.

Kati ya shaba nyekundu na alumini, tazama kwanza kiatu. Kiatu cha chuma kinakwenda na shaba, nyekundu au ya njano. Kiatu cha alumini kinakwenda na riveti ya alumini, hasa kwako wewe. Shaba na alumini zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unajikusanya kuzunguka shina, tundu linapanuka, na riveti inalegea bila kuguswa na mtu. Bara hali hiyo inaweza kuchukua miaka mingi. Nyali haichukui. Kama kiwanda kilitumia shaba kwenye kiatu cha alumini na unataka kubaki na asili yake, paka shina na tundu primer ya zinki (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) na upige riveti primer ikiwa bado mbichi.

Riveti za shaba zilizokaa miaka, au zilizogongwa zikatolewa, huwa ngumu na hupasuka mdomo. Shaba nyekundu ipashe moto mpaka iwe nyekundu ya giza, uizamishe majini, italainika. Alumini haionyeshi rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo isugue kwa sabuni ya mche na uipashe taratibu. Sabuni ikigeuka kahawia nyeusi, ondoa moto papo hapo. Pasha riveti chache kwa mara moja, zile utakazozitumia siku hiyo.

Pleti za klachi ya Harley-Davidson ya miaka ya 1940 zimefungwa lainingi upya kwa riveti. Klachi sasa haiachii: nikibana waya, gia inaingia kwa kishindo, na pikipiki inataka kutembea yenyewe. Lainingi ni mpya, springi ni mpya. Aliyefunga anasema itajizoesha.
*Msomaji, Makupa*

Haitajizoesha. Klachi inayokokota baada ya kufungwa lainingi mpya ina moja ya matatu: pleti zimepinda, riveti zinagusa, au lainingi zimekuwa nene kuliko zilivyotakiwa.

Toa pleti zote uzilaze moja moja juu ya kioo kinene. Jaribu bati la kupimia la mm 0.2 kuzunguka ukingo. Likiingia mahali popote, pleti hiyo imepinda, na huenda ilipindwa wakati wa kupiga riveti. Pleti ya klachi ni bati jembamba. Ukipiga riveti zote kwa mpangilio wa duara, moja baada ya jirani yake, kila riveti inaitanua lainingi kidogo kuelekea upande ule ule, na ukimaliza mzunguko bati limekuwa kama sahani. Riveti hupigwa kwa kuvuka: moja, kisha iliyo mkabala nayo, kisha robo, kisha robo ya pili, halafu zilizobaki kwa mtindo huo huo.

Pili, vichwa. Pleti yenye lainingi pande mbili hupigwa riveti kwa kupishana: kichwa kimoja upande huu, kinachofuata upande ule. Kila kichwa kinakaa kwenye lainingi moja, na mkia wake unakunjwa ndani ya nafasi iliyochimbwa kwenye lainingi ya upande wa pili. Zikitiwa zote upande mmoja, lainingi moja imeshikwa na vichwa, nyingine imeshikwa na mikia, na ile ya mikia ndiyo inayotangulia kung'oka. Pitisha rula ya chuma juu ya uso. Mkia wowote unaoigusa rula unagusa pia pleti ya jirani, na hapo ndipo pikipiki inapopata ile hamu ya kutembea. Mkia uwe angalau mm 0.5 chini ya uso, mm 0.8 ni salama zaidi. Urefu wa riveti za klachi ndio mgumu kuliko wa breki kwa sababu hii: hapa huna mahali pa kuuficha mkia uliozidi. Kata mbili za majaribio kwenye kipande kibovu cha bati chenye lainingi pande zote, uzipige, upime, ndipo ukate nyingine.

Tatu, pima unene wa kila pleti kwa kalipa, kisha ujumlishe. Pleti tatu zenye ziada ya mm 0.4 kila moja zinakula mm 1.2 za nafasi ya kuachia, na mkono wa klachi hauna nafasi nyingi ya kutoa. Lainingi ikiwa nene, ipunguze kwa msasa namba 120 uliobandikwa juu ya kioo, ukizungusha pleti kwa umbo la nane. Iwe lainingi isiyo ya asbesto, tafadhali, na iwe mbichi hata hivyo.

Kuna walioandika kuhusu BSA Bantam. Bantam ya kwanza, iliyotoka mwaka 1948, ina vipande vya koki (ile ya vizibo vya chupa) vilivyotiwa kwenye matundu ya pleti, na hakuna riveti ya kupiga hapo. Koki huloweshwa kwenye maji ya moto mpaka ilainike, ikasukumwa mahali pake, ikaachwa ikauke, kisha ikasawazishwa kwenye kioo. Kabla ya kufunga ilaze kwenye oili usiku kucha. Ikifungwa kavu huungua.

Nataka kurudisha riveti za kichwa mviringo kwenye madigadi ya nyuma. Nguzo za madigadi zina unene wa mm 3, bati ni mm 1. Nilipojaribu, bati liliingia ndani kuzunguka riveti na sasa lina mashimo yanayoonekana hata chini ya rangi. Riveti ni za chuma za inchi 3/16.
*Msomaji, Mikindani*

Bati liliingia kwa sababu kichwa hakikuwa kimelala kwenye kitu cha umbo lake. Ukikiegemeza kichwa mviringo kwenye chuma bapa, kinagusa kwa nukta moja, kinayumba, na nguvu inakwenda kwenye bati. Kichwa kinahitaji kikombe kilichochimbwa kwa umbo lake kwenye kipande kizito cha chuma, kilo 2 au zaidi, ambacho mwenzako atakishikilia chini kwa nguvu wakati wewe unapiga juu. Kazi hii ina watu wawili. Anayejaribu peke yake hushika chuma kwa goti, na matokeo yake ndiyo hayo unayoyaona.

Kuziondoa za zamani: piga nukta katikati ya kichwa kwa senta panchi, toboa kwa biti ya mm 4.5 mpaka kina cha kichwa tu, kisha kata kichwa kwa patasi kali iliyolala. Shina lisukume kwa panchi, chini ukiwa umeweka kipande cha mbao ngumu chenye tundu. Ukitoboa mpaka mwisho, biti itafuata njia ya kutu na kuingia kwenye bati.

Nguzo na bati vikishaachana utaona kwa nini madigadi za Mombasa huoza hapo kwanza: hewa ya chumvi inaingia katikati ya vyuma viwili na haitoki. Kwangua, paka dawa ya kula kutu yenye asidi ya fosfori, osha, kausha, kisha paka primer ya zinki pande zote mbili zinazogusana, pamoja na ndani ya matundu. Riveti zipigwe wakati primer bado inanata. Rangi ya juu baadaye. Anayepaka rangi ya mwisho kwanza ndipo apige riveti atapaka mara ya pili.

Urefu: nguzo mm 3 na bati mm 1, jumla mm 4. Ukitaka kichwa mviringo pande zote mbili, ongeza mara 1.5 ya unene wa shina, yaani mm 7 na kidogo, jumla mm 11 hivi. Ukitaka mkia bapa upande wa ndani, ambako tairi iko karibu, ongeza unene mmoja tu wa shina, upate mm 8.8, kata mm 9. Pitisha tairi kwa mkono kabla ya kuamua, maana vichwa viwili vya mviringo ndani ya madigadi nyembamba vinaweza kukata tairi.

Tundu liwe mm 4.9. Bati na nguzo vikae vimebanwa kwa bolti kwenye matundu mengine wakati unapiga la kwanza. Ingiza riveti kutoka nje, kichwa kwenye kikombe. Kabla ya kugonga mkia, chukua bomba fupi la chuma lenye tundu la mm 5.2, livike mkia, uligonge mara moja ili bati na nguzo vibane kabisa. Hatua hii huchukua sekunde na watu huiruka. Ukiiruka, riveti inanenepa katikati ya bati na nguzo na kuviweka mbali maisha yake yote. Kisha pigo mbili nzito zilizonyooka kulijaza tundu, halafu uso wa mviringo wa nyundo kuuzunguka mkia, na mwisho panchi ya kikombe kuupa umbo. Riveti ya inchi 3/16 ya chuma laini hupigwa baridi. Ya inchi 1/4 ni afadhali ipashwe mpaka nyekundu, jambo linalomaanisha primer ya mahali hapo itaungua na itabidi upenyeze nyingine kwa brashi nyembamba.

Mashimo uliyonayo tayari yanyooshe kwa nyundo ya mbao kutoka ndani, riveti zikiwa zimetolewa. Usiyajaze.

Panchi ya kikombe inauzwa wapi hapa Mombasa? Nimezunguka Mwembe Tayari mpaka Shimanzi. Na je, nikawape kazi wanaofunga lainingi za malori Changamwe?
*Msomaji, Mji wa Kale*

Itengeneze, ni kazi ya saa moja. Pima kipenyo cha kichwa cha riveti yako. Kwa riveti ya inchi 3/16 kichwa huwa karibu mm 8.4 na kimo mm 3.6. Tafuta golori la beringi la mm 8.5 hadi 8.7 kwenye beringi mbovu. Chukua fimbo ya chuma cha kutengenezea patasi, unene mm 16, urefu mm 120. Mwambie mkereza anyooshe uso na achimbe kishimo katikati kwa biti ya mm 6, kina mm 2. Ipashe ncha mpaka iwe nyekundu ya cheri, iweke wima juu ya fuawe, weka golori kwenye kishimo na ulipige kwa nyundo ya kilo moja, miwani ikiwa machoni, mpaka kikombe kifike kina cha mm 3.3. Kina kiwe pungufu ya kimo cha kichwa kwa makusudi. Kikombe chenye kina kamili hugusa bati kwa ukingo wake na kuacha duara ambalo rangi hailifichi.

Ipashe tena nyekundu, izamishe kwenye oili, isugue ing'ae, kisha uipashe taratibu kutoka nyuma mpaka rangi ya zambarau ifike kwenye kikombe, na uizamishe. Ukiiacha bila hatua hii ya mwisho itakatika vipande mkononi. Ya kushikilia chini itengeneze vivyo hivyo kwenye kipande kizito.

Kuhusu Changamwe: mashine zao zimewekwa kwa riveti za malori, ambazo ni nene mara mbili ya zako, na mgandamizo huo huo kwenye lainingi ya mm 4.8 utaisaga chini ya kichwa. Waombe kitu kingine: kipande cha lainingi ya kufumwa isiyo na asbesto kutoka kwenye robota lao, na wakukatie kwa upana wa kiatu. Nenda na kiatu mkononi, na uwe umekwisha kupima upana wa dramu kwa ndani, kwa sababu lainingi pana kuliko kiatu kwa mm 1 tu husugua ukuta wa pleti ya breki.